Nyanda za Juu za Kigoma: Tulivyoiona Hospitali Ikijengwa Siku za Korona

Wasafiri wengi waendao Kigoma hushuka na gari moshi hadi ziwani, wakala migebuka, wakaiona Ujiji, kisha wakarudi kwao wakidhani wameiona Kigoma yote. Msomaji mpendwa, Kigoma nyingine iko juu. Iko Kakonko, Kibondo, Kasulu na Buhigwe, katika vilima vilivyo zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ambako asubuhi mama hatoki nje bila kujitanda kitenge cha pili. Ni nchi ya Waha, nchi ya maharage, muhogo, ndizi na kahawa, na ni nchi ya salamu ndefu. Watu hupiga makofi taratibu, wameinama kidogo, wakiulizana habari za nyumba, za watoto na za shamba, mpaka mgeni mwenye haraka zake huona haya.

Sisi tuliingia kwa mlango wa kaskazini, kwa basi lipitalo Nyakanazi, mwezi wa Agosti 2020. Tulikuwa akina mama wanne, tumetumwa na wenzetu kupeleka nguo za watoto wachanga na sabuni kwa wazazi wa huku. Hatukujua kwamba tungerudi tena mwaka uliofuata, na tena mwaka wa tatu. Kilichoturudisha ni ujenzi. Tulikuta hospitali inajengwa, na mtu akishauona msingi hukosa raha mpaka auone na paa.

Agosti ile ilikuwa ya namna yake. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na kesho yake shule zikafungwa. Mwezi wa Aprili Taifa zima liliitwa kwenye siku 3 za maombi. Makanisa na misikiti haikufungwa. Kuanzia Mei takwimu za wagonjwa zilikoma kutangazwa, na tarehe 29 Juni watoto waliokuwa wamebaki nyumbani walirudi shuleni. Basi ndani ya gari letu kila abiria alikuwa na korona yake mwenyewe. Mmoja alivaa barakoa mpaka chini ya macho, jirani yake akimcheka. Wa tatu alikuwa na chupa ya tangawizi na malimao, akitugawia bila kuulizwa. Bibi mmoja aliyepanda Kakonko alitueleza namna ya kujifukiza nyungu, majani gani na gani, na kwamba shuka iwe nzito. Tulimsikiliza kwa heshima. Ila tuliona kwamba hata yeye, gari liliposimama, alikimbilia kwanza ile ndoo ya maji tiririka iliyowekwa mlangoni pa hoteli.

Barabara ilikuwa bado ya vumbi. Mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika wa kuiweka lami kutoka Kabingo hadi Kasulu na Manyovu, kilomita 260, ulikuwa umekwisha kupatikana, lakini vumbi halisomi mikataba. Tulifika Kibondo nyusi zetu zikiwa nyekundu.

Magonjwa si wageni huku

Watu wa mjini tulizungumza habari za korona kana kwamba dunia haijawahi kuugua. Wazee wa Buha hawakushangaa kiasi hicho. Katika miaka ya 1930 malale, ugonjwa uletwao na mbung'o, ulienea Kibondo na sehemu za Kasulu. Serikali ya Waingereza iliwatoa watu katika miji yao iliyotawanyika, ikawakusanya katika makazi mapya yaliyofyekwa vichaka ili mbung'o wakose kivuli. Watu waliacha migomba yao na makaburi ya wazazi wao. Vipo vijiji unavyopita leo vilivyoketi pale vilipo kwa sababu ya inzi.

Tena mwezi wa Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, wakimbizi walivuka mpaka kwa makumi ya maelfu, na makambi yakajengwa Kasulu na Kibondo. Mwaka 1996 ikafunguliwa Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 Warundi walivuka tena, na mwezi wa Mei mwaka huo kipindupindu kiliwashika wakiwa wamerundikana Kagunga, kijiji kidogo kando ya ziwa. Hata kabla korona haijatajwa, Kigoma ilikuwa imewekwa katika tahadhari ya Ebola kwa sababu ya jirani zetu wa Kongo. Kwa hiyo kunawa mikono mlangoni hakukuanza mwaka 2020 kwa kila mtu.

Kila maradhi yalikuja na majengo yake. Tatizo ni kwamba mengi ya majengo hayo yalikuwa ya turubai, na hospitali ya turubai huondoka pamoja na mgonjwa wake. Kambi ikifungwa, waganga hufungasha. Mama wa kijiji cha jirani, ambaye kwa miaka kadhaa alizoea kupeleka mtoto wake mwenye homa kule, huamka siku moja akakuta uwanja mtupu na mashimo ya nguzo.

Nduta ni mfano mzuri. Kambi hii iliyo Kibondo ilifungwa, kisha ikafunguliwa upya Oktoba 2015 Nyarugusu ilipofurika. Madaktari Wasio na Mipaka waliweka hospitali yao humo, ikaanzia kwenye mahema. Kambi ilikusudiwa watu 50,000, lakini kufika mwaka 2017 walikuwa wamepita 100,000. Adui mkubwa alikuwa malaria, naye hakupumzika kwa ajili ya korona. Mwaka 2020, wakimbizi waliobaki wakiwa zaidi ya 70,000, madaktari hao walijenga sehemu za kuchuja na kutenga wagonjwa kwenye zahanati zao za kambini, na kituo kikubwa cha kutengea pale hospitalini.

Kambini hatukuingia. Huingii bila kibali, nasi hatukuwa nacho. Lakini Kibondo mjini tulikaa jioni na akina mama, baadhi yao wakiwa na ndugu wafanyao kazi huko, na maswali yao tuliyakumbuka muda mrefu. Hawakuuliza mahema ni mangapi. Waliuliza: mama akitengwa, mtoto anyonyaye atakwenda wapi? Tulifurahi kuwa na jibu, kwa maana Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kueleza kwamba mama mwenye korona aweza kuendelea kunyonyesha, avae barakoa, anawe mikono kabla ya kumshika mtoto, na asitenganishwe naye kama hali yake si mbaya sana. Mama mmoja akasema, “Basi huyo aliyeandika hivyo amezaa.” Tulicheka sote.

Kuvuka Malagarasi

Kutoka Kibondo kwenda Kasulu unapita njia panda ya Nduta, unavuka mto Malagarasi, unaingia Mvugwe, halafu Kanyani. Ukiisoma hivyo ni fupi. Ukiwa ndani ya gari, tena barabara ya vumbi, unapata nafasi ya kuwaza mambo mengi, na sisi tuliwaza habari za Raheli, mke wa Yakobo. Watu wengi hukumbuka uzuri wake na miaka 14 aliyotumikiwa. Wachache hukumbuka alikofia. Alifia njiani, karibu na Efrathi, katika uchungu wa Benyamini. Mkunga alikuwapo, mume alikuwapo, mifugo na watumishi walikuwapo. Mji haukuwa mbali, ila haukufikika kwa wakati.

Katika nyanda hizi za juu, Raheli wetu wamekuwa wengi. Mwanamke huanza uchungu usiku, hupelekwa zahanati kwa baiskeli au pikipiki au kwenye machela mabegani mwa wanaume wa ukoo. Muuguzi huona mtoto amelala vibaya, au damu haikomi, au mama ameanza kifafa cha mimba. Huandika barua ya rufaa. Na hapo ndipo safari yenyewe inapoanza. Kutoka Kibondo hadi hospitali ya mkoa ya Maweni, mjini Kigoma, ni zaidi ya kilomita 200. Mtu akitokwa damu baada ya kuzaa, wataalamu hutuambia, kifo kinaweza kuja katika saa 2 tu.

Haki itendeke: si kwamba hakuna kilichofanyika kabla. Kuanzia mwaka 2006 hadi 2019 ulikuwako mpango mkubwa mkoani Kigoma, chini ya Wizara ya Afya kwa fedha za wafadhili wakiwamo Bloomberg Philanthropies, na shirika la Thamini Uhai likiwa mmoja wa watendaji. Waliona jambo rahisi ambalo halikuonekana kwa urahisi: ukingoje daktari bingwa akubali kuja kuishi kijijini, utazika wengi. Basi wakawafundisha waganga wasaidizi kufanya upasuaji wa kumtoa mtoto, na vituo vya afya vikapewa vyumba vya upasuaji, ili huduma imfuate mama badala ya mama kuifuata. Wanawake waliozalia kwenye vituo waliongezeka sana katika miaka hiyo, na vifo vikapungua. Na hospitali za misheni, kama Kabanga ya Wakatoliki karibu na Kasulu, na Heri ya Waadventista upande wa Buhigwe, zimekuwa zikiwapokea wazazi tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Lakini watu nao wameongezeka. Mwaka 2012 wilaya ziligawanywa: Kakonko ikatoka Kibondo, Buhigwe ikatoka Kasulu. Wilaya mpya ilipata mkuu wake na ofisi zake. Hospitali yake ya serikali ikabaki kuwa ndoto.

Majengo 7

Katika mwaka wa fedha 2018/2019 serikali ilianza kujenga hospitali mpya 67 katika halmashauri zisizokuwa nazo, kila moja ikipewa shilingi bilioni 1.5 kwa kuanzia. Katika miaka hiyo Buhigwe nayo ikaanza kujengewa ya kwake. Ndiyo tuliyoikuta, tulipotoka Kasulu kwa njia ya Manyovu kugawa zile nguo, Agosti ile ya korona.

Tulisimama pembeni kama mtu anavyosimama kutazama harusi ya watu. Mafundi walikuwa juu, saidia fundi walikuwa chini wakichanganya zege, vijana wakimwagilia kuta. Hakuna aliyevaa barakoa, na hatukuwalaumu, maana kupanda ngazi na karai la zege huku umefunikwa pua si mchezo. Chini ya mti mama lishe alikuwa na sufuria zake, ugali wa muhogo na maharage, na mbele ya sufuria kulikuwa na kibuyu chirizi kilichotengenezwa kwa dumu la lita 5 na kamba ya kukanyagia. Alikuwa mkali. Fundi asiyenawa hakupata sahani. Alituambia korona anaisikia redioni, ila kipindupindu anakijua kwa jina la jirani yake.

Ujenzi wa namna hii haukupewa mkandarasi mkubwa. Ulifuata utaratibu uitwao force akaunti, yaani halmashauri yenyewe hununua vifaa na kuwaajiri mafundi wa kawaida, na wananchi huingia kwenye kamati. Iko kamati ya manunuzi, iko ya ujenzi, iko ya mapokezi. Tulimpata mama mmoja wa kamati ya mapokezi, mke wa mwalimu, mwenye daftari la kurasa nyingi lililofungwa kwa mpira. Kila mfuko wa saruji ulioingia aliuhesabu mara mbili, mara ya pili kwa kuugusa. Tukamwuliza kwa nini. Akasema, “Nyumbani nikituma kilo 2 za sukari huwa nazipima. Hii nayo ni sukari.” Tungependa wahasibu wote wa nchi hii wakae naye siku moja.

Yeye ndiye aliyetutajia majengo 7 ya awamu ya kwanza, akihesabu kwa vidole: wagonjwa wa nje, maabara, mionzi, bohari ya dawa, utawala, kufulia, na wodi ya wazazi. Akalitaja la mwisho na kushika kidole hicho kwa muda.

Tulilirudia hesabu lile usiku, tukiwa tumelala wanne chumba kimoja, na mmoja wetu akasema: jiko liko wapi? Kweli, halikuwamo. Halikuwamo jiko la ndugu wala nyumba ya kungojea kujifungua. Katika hospitali zetu mgonjwa hulishwa na watu wake, na mzazi aliyetoka mbali huja na mama mkwe, sufuria, na mzigo wa kuni. Jengo la kufulia lilikumbukwa, na twashukuru, lakini aliyechora orodha ile bila shaka hajawahi kuuguza. Awamu za baadaye huongeza wodi na mengineyo, ndivyo tulivyoambiwa. Hata hivyo tulilala na neno hilo kooni.

Kabla ya kuondoka tulimwuliza mama lishe kama wanawake wa pale wana furaha. Akakoroga sufuria kwanza. “Jengo tumeliona,” akasema. “Usiku je?”

Hatukumwelewa mara moja. Alikuwa anauliza kama mama akiletwa saa 8 za usiku, damu inamtoka, kutakuwa na taa? Kutakuwa na mtu wa kupasua? Au watapewa barua ya rufaa tena, iliyoandikwa kwenye jengo zuri zaidi?

Mwaka wa chanjo

Tulirudi Novemba 2021, mvua zikiwa zimeshika. Mengi yalikuwa yametokea. Tarehe 17 Machi mwaka huo Rais Magufuli alifariki, na siku mbili baadaye Samia Suluhu Hassan akaapishwa, Rais wa kwanza mwanamke. Kasulu tuliona kwamba jambo hilo halikuwashangaza wazee kama lilivyotushangaza sisi. Walitukumbusha Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala Heru wakati wa Waingereza, wanaume wakimpigia makofi ya heshima kama wanavyowapigia watawala wote. “Huku tulitangulia,” mzee mmoja alisema, akatazama pembeni asionekane anajisifu.

Tarehe 28 Julai 2021 chanjo ya korona ilizinduliwa, na ile ya kwanza kuja kwa wingi ilikuwa ya Johnson & Johnson, sindano moja tu. Barabara ya Kibondo sasa ilikuwa na mitambo kila mahali, vilima vimepasuliwa, mabasi yakizunguka kwenye matope ya njia za pembeni. Ndani ya basi, badala ya nyungu, mazungumzo yalikuwa chanjo. Uvumi mmoja ulitugusa sisi akina mama kuliko mwingine wowote: kwamba mwanamke akichanjwa hatazaa tena. Tulikutana na mke wa miaka kama 20 hivi, hajapata mtoto, mama mkwe wake amemkataza kabisa asikaribie sindano. Muuguzi wa zahanati, mwanamke mtulivu, aliita wote wawili, akawakalisha, akawaambia kwamba wataalamu wamechunguza wala hawajaona chanjo hiyo ikimzuia mtu kupata mimba, na kwamba yeye mwenyewe amechanjwa. Mama mkwe akamtazama tumbo. Muuguzi akacheka, akasema, “Wanne wananitosha, mama.” Hatukujua kama walichanjwa. Ila waliondoka wakizungumza wao kwa wao, jambo ambalo, tuliambiwa, halikuwa la kila siku.

Mwezi mmoja kabla ya safari yetu, tarehe 10 Oktoba 2021, ulizinduliwa Dodoma mpango wa fedha za UVIKO, shilingi trilioni 1.3 zilizokopwa kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Fedha hizo zilielekezwa kwenye madarasa 15,000, maji, na katika afya, majengo ya huduma za dharura, vyumba vya wagonjwa mahututi, na nyumba za watumishi. Tunaona ajabu na tunalisema bila kificho: kwa muda mrefu akina mama walikufa mmoja mmoja, kimya, na fedha haikupatikana. Ugonjwa ulipowatisha wakubwa wa dunia, fedha ilipatikana kwa mwaka mmoja. Hatulalamiki kwamba ilikuja. Chumba cha mahututi hakimwulizi mtu ameugua nini, na mashine ya hewa ya oksijeni humfaa hata mama aliyepoteza damu na mtoto mchanga asiyelia.

Kule Buhigwe mama wa daftari alitueleza habari ya saruji. Novemba 2020, miezi michache baada ya sisi kuondoka, saruji ilipanda bei nchi nzima, hata Waziri Mkuu akatoa agizo ichunguzwe. Kigoma iko mwisho wa safari ya lori, kwa hiyo kila bei inayopanda kwingine hufika huku imechoka na hasira. Alitufungulia kurasa za wiki zile. Zilikuwa karibu tupu. Aliandika tarehe tu, na mbele yake, “hakuna.” Tarehe nyingine, “hakuna.” Alituambia aliziandika makusudi, ili asije mtu kusema siku hizo kamati ililala.

Tulikaa naye barazani mvua ikinyesha juu ya bati. Sauti ya mvua juu ya bati jipya wengi mnaijua. Huwezi kuzungumza, unabaki kutabasamu tu. Yeye alitabasamu muda mrefu.

Taa

Oktoba 2022 Rais Samia alizuru Kigoma, na katika ziara hiyo akaifungua Hospitali ya Wilaya ya Buhigwe. Katika ziara hiyohiyo mitambo ya dizeli ya Kasulu ilizimwa, umeme wa gridi ya Taifa ukawashwa. Msomaji unayekaa mahali ambapo umeme ulikuwapo tangu utoto wako, pengine huoni uzito wa habari hii. Jenereta hula dizeli, na dizeli hufuata barabara. Taa ya chumba cha upasuaji, friji ya damu, joto la mtoto njiti, vyote hutegemea waya huo.

Tulifika mara ya tatu Desemba, mwaka huohuo. Lami ilikuwa imefika sehemu nyingi, na kutoka Kibondo tulisinzia njiani, jambo ambalo miaka 2 nyuma lisingewezekana. Korona ilikuwa bado ipo, kwa maana Shirika la Afya Duniani lilikuja kuiondoa katika dharura tarehe 5 Mei 2023, lakini ndani ya basi hakuna aliyeitaja tangu Nyakanazi. Ndoo za maji tiririka zilikuwa zimesalia milangoni. Baadhi zilikuwa na maji.

Pale hospitalini tuliketi kwenye benchi na wanawake waliokuja kliniki ya wajawazito. Mama lishe wetu alikuwa amehamia karibu na lango na biashara imepanuka. Alitutambua, akatuuliza habari za nyumba, za watoto, za mashamba ambayo hatuna. Nasi tukamrudishia swali lake: usiku je?

Hakujibu yeye. Alijibu muuguzi aliyekuwa akipita, naye alijibu kama mtu aliyekwisha kuulizwa hilo mara nyingi. Alisema umeme upo. Watumishi wapo, si wengi kama wanavyotakiwa, na katika wilaya hizi za mpakani mtumishi huja akauona umbali, akaanza kuandika barua za uhamisho. Nyumba nzuri ya kulala humbakiza kuliko hotuba. Kisha akasema jambo ambalo hatukulitarajia. Kwa mama anayetokwa damu, alisema, hata taa ziwake zote na mpasuaji awe amenawa mikono tayari, bado itatakiwa damu, na damu haiji na lori la saruji. Hutolewa na watu. Na kila mahali alipofanya kazi ameona mambo yaleyale: mke akiwa kitandani, wanaume wa ukoo husimama nje wengi, hodari, wenye mikono minene, na ukitaja sindano ya kutoa damu wanaanza kukumbuka ng'ombe hawajanyweshwa.

Wanawake kwenye benchi walicheka mpaka mmoja akashika tumbo. Muuguzi naye akacheka, lakini alibaki pale, akaeleza polepole. Mtu mzima mwenye afya aweza kutoa damu bila kudhurika. Mwanamume aweza kurudia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4, ila si mjamzito wala anayenyonyesha. Hupimwa kwanza. Ni vizuri itolewe kabla ya haja, ikae kwenye friji, kuliko kutafutana usiku na tochi.

Mmoja wa wale wanawake, mimba yake ya miezi 7 kwa kutazama, aliuliza kama mume akija peke yake mchana, bila mgonjwa, atapokelewa. Akaambiwa atapokelewa.

“Wangu nitamleta mwenyewe,” akasema. “Nitamwambia tunakuja kutazama jengo.”

Basi la Kasulu likapiga honi barabarani. Mama lishe akatufungia maandazi kwenye karatasi, akakataa hela, akatuhimiza tukimbie.